Ukungu Wetu Waliouita Uchafu

Juzi mjukuu wangu mmoja aliyemaliza chuo alikuja nyumbani kunielimisha. Aliniketisha sebuleni mwangu mwenyewe, akakohoa kidogo kama mwalimu mgeni, akaniambia kwamba siku hizi kuna wataalamu wanaofuga ukungu, ule unaoota kwenye mkate uliolala. Ukungu huo, akasema, unatoa vimeng'enya, na vimeng'enya ni dawa inayofanya kazi viwandani kwa bei nafuu na bila kuchafua mito. "Ni teknolojia mpya kabisa, Babu. Huku kwetu haijafika."

Haijafika! Nilimwacha amalize chai kwanza, maana mgeni hakatizwi na chai mkononi. Kisha nikamwambia asinipandishe presha.

Kijana, na wenzako wote mtakaosoma haya, hiyo mnayoiita mpya ilifika Lushoto wakati wa Mwingereza. Ilifika, ikafanya kazi, ikafukuzwa kwa matusi. Nilikuwepo. Hasira niliyokuwa nayo siku ile haijapoa, na sitaki ipoe kabla sijawaeleza mambo yalivyokuwa.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa ngozi. Nilianzia kwenye kiwanda kidogo kando ya kijito, chini ya mji, mali ya Wazungu fulani ambao sina haja ya kuwataja. Ngozi zilipandishwa kwa lori kutoka Mombo, zimetiwa chumvi, zimekauka kama ubao wa mlango. Tuliziroweka, tukazitia kwenye chokaa mpaka manyoya yang'oke, tukazikwangua nyama. Mwisho zililala kwenye maji ya magome ya miwati, miti ambayo huku milimani mnaifahamu wote.

Lakini kati ya chokaa na magome kuna hatua moja ambayo watu wa nje hawaijui, na ndiyo hatua yenye roho ya kazi. Ngozi ikitoka kwenye chokaa imevimba na inateleza kama sabuni. Ukiitia kwenye magome hivyo hivyo utapata kiatu cha kumtoa mtu malengelenge. Kwanza lazima ipite kwenye shimo la kulainishia, ndani ya maji ya vuguvugu yenye dawa inayokula ule ugumu taratibu. Dawa ikizidi, ngozi inaoza mikononi mwako. Ikipungua, umetengeneza bati.

Mkuu wa shimo hilo alikuwa Mzee Singano wa Magamba, na mimi nilikuwa chini yake pamoja na Yona, Mlutheri mmoja mcheshi aliyekuwa na shamba la mahindi ukingoni mwa msitu. Singano hakuwa mtu rahisi. Usipomwamkia shikamoo kwa sauti inayosikika, asubuhi yako nzima ilikuwa imeharibika. Alikuwa mkali na mwepesi wa kununa, na aliamini hakuna mtu mwingine Usambara nzima anayejua kukoroga ngozi shimoni, huku na huku. Lakini alikuwa mtu safi. Alikuwa na kopo lake la kutawadhia alilolificha juu ya boriti, na adhuhuri ikifika alipanda kwenye jiwe moja kubwa juu ya kijito, akaswali. Kazi ile ilimlisha yeye na nyumba yake, na swala ile ilimfanya aistahimili. Alivihitaji vyote viwili.

Dawa ya shimo ilikuwa unga wa makopo kutoka ng'ambo. Vita vikuu vya pili vilipopamba moto, meli zikaacha kuuleta. Meneja wetu wa wakati huo, tuliyemwita Bwana Tumbaku kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni, alikumbuka jinsi babu zake walivyofanya kwao kabla ya makopo. Walitumia kinyesi cha mbwa.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Viatu vizuri vya kizungu vilianzia huko. Na mbwa wa walowezi walikuwa wengi, wamenenepa kuliko watu. Asubuhi moja ikaletwa ndoo, ikawekwa kando ya shimo. Singano aliichungulia, akarudi nyuma.

"Bwana," akamwambia meneja, "kunipiga unaweza, kunifukuza unaweza. Hiyo siigusi."

Mnaelewa? Kwetu Waislamu najisi ya mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu anayeshinda kutwa mikono imo shimoni mpaka viwiko angeswali saa ngapi? Bwana Tumbaku, nimpe haki yake, aliling'amua hilo. Alitafuna kiko chake, akaamuru ndoo iondolewe. Tukajaribu mavi ya kuku. Ngozi zikatoboka, kijito kikanuka, na kina mama waliochota maji kule chini wakaja juu na ndoo zao kututukana. Walitutukana kwa haki.

Kilichotuokoa kilikuja kwa bahati. Mtaalamu mmoja wa mimea wa serikali, kutoka upande wa Amani, alipita kutazama ugonjwa wa miwati. Alikunywa chai na meneja, akasikia shida yetu, akasema upo ukungu fulani ambao ukioteshwa kwenye pumba hutoa dawa ileile. Baada ya muda akatuletea chupa ndogo yenye vumbi la kijani, akatuonyesha kazi yote kwenye visahani vya kioo, akaenda zake. Visahani tungevitoa wapi? Tulichukua nyungo. Vifuniko tukavifanya kwa majani ya migomba yaliyopashwa moto. Yule bwana alipopita tena alicheka akasema nyungo zinapitisha hewa vizuri kuliko visahani vyake. Sote tulifurahi, hakuna aliyemzidi mwenzake. Hivyo ndivyo kazi inavyotakiwa kuwa.

Sasa sikilizeni namna tulivyoifanya, maana huenda mkaihitaji. Pumba ya ngano tuliipata kwenye kinu cha walowezi, na ikikosekana tulichanganya ya mahindi. Unainyunyizia maji mpaka ukiifumba kiganjani inashikana, lakini haidondoshi tone. Hapo vijana wengi hukosea, wanapenda maji mengi, na maji mengi huleta uvundo. Unaipika kwa mvuke kwenye pipa, unaipoza mpaka kiwiko chako kiivumilie, ndipo unainyunyizia mbegu, yaani lile vumbi la kijani. Unaitandaza kwenye nyungo ndani ya chumba kilichotengwa, unafunika, unafunga mlango.

Singano aliuita ukungu huo mwali. Alisema ni sawasawa na mwali aliyewekwa ndani: hataki jua, hataki upepo, wala hataki kila mpita njia aje kumchungulia. Yona aliuliza kama na sisi tutacheza ngoma siku ya kumtoa, akafukuzwa chumbani mpaka jioni.

Mwali mwenyewe alikataa kutoka. Ilikuwa Julai, na ninyi mnaijua Julai ya Lushoto, umande hauondoki mpaka mchana. Pumba ilikaa tu kwenye nyungo kama mtu ameimwaga. Yona akasema, "Huyu anasikia baridi. Tumwashie moto." Kila mmoja akaona ni akili. Tukaingiza mafiga matatu, tukakoka kuni za miwati, chumba kikawa kizuri mno. Tulikaa humo tukichoma viazi, macho yanatutoka machozi, tukisubiri. Pumba ikakauka na kunukia kama nyama ya moshi. Ukungu, hakuna. Tukaongeza kuni. Singano alilaumu chupa, akamlaumu mtaalamu, akaanza kumtazama Yona kwa jicho baya.

Aliyetufumbua ni mke wa Singano, Mama Zaina, alipomletea mumewe chakula. Alisimama mlangoni akikohoa, akauliza tunafanya nini. Tukamweleza kwamba tunaotesha ukungu.

"Baba Zaina," akasema, "mahindi yangu ya mbegu nayaweka wapi nyumbani?"

"Kwenye uchaga, juu ya meko."

"Kwa nini?"

"Moshi uyapate, yasiote..." Singano akayatazama mafiga.

Mama Zaina alicheka mpaka akaketi chini na kapu lake. Wanaume watatu, wote tumezaliwa chini ya paa jeusi kwa masizi, wote tunajua moshi ni wa kuzuia ukungu, na tumekaa kutwa tunaufukiza ukungu ili uote! Mzungu asingeweza kulifanya kosa hilo hata angetaka, kwa sababu hakukulia pale. Kwetu joto ni meko, na meko ni moshi, hatukuwahi kuvitenganisha.

Joto tulilipata nyuma ya kiwanda. Palikuwa na lundo la makapi, magome ya miwati yaliyokwisha kukamuliwa rangi. Lundo lile lilichemka lenyewe ndani kwa ndani, asubuhi likitoa mvuke, na mlinzi hakukosa kuliegemea. Tukayasogeza makapi, tukayashindilia kwenye kuta za chumba mpaka karibu na paa. Chumba kikawa na joto la mwili wa mtu, bila kuni wala moshi. Nyungo zikaota. Kwanza weupe kama pamba, pumba ikashikamana, ikapata joto lake yenyewe, tukaigeuza kwa mkono ili isijiunguze. Ilipoanza kupiga umanjano tuliitoa, isipokuwa ungo mmoja tulioacha ukomae hadi kijani kwa ajili ya mbegu. Iliyobaki tuliiloweka kwenye maji ya vuguvugu, tukachuja kwa kitambaa, tukamimina shimoni.

Singano alichukua ngozi ya kwanza, akaibonyeza kwa kidole gumba. Alama ya kidole ikabaki, na hiyo ndiyo dalili kwamba ngozi imelainika. Alitazama alama yake muda mrefu. Kisha akanawa kwa maji ya kawaida tu, akapanda kwenye jiwe lake, akaswali adhuhuri kwa wakati.

Tulifanya hivyo mpaka vita vikaisha na hata baadaye. Pumba iliyochujwa ililiwa na ng'ombe. Makapi yaliyooza yalichukuliwa na wenye bustani za kabichi. Kina mama wa chini waliacha kututukana. Sasa, mjukuu wangu, niambie tena habari za bei nafuu na mazingira.

Bwana Tumbaku alirudi kwao. Akaja mwingine, tukamwita Bwana Soksi, kwa zile soksi zake nyeupe zilizofika magotini, ambazo hakutaka zipate hata doa. Siku ya kwanza alifungua mlango wa chumba cha mwali, akaona nyungo zimeota, akaufunga na kuziba pua.

"Nani naleta uchafu hii kiwandani?"

Singano akamweleza taratibu, kwa heshima, tangu mwanzo. Alimwonyesha hata ngozi. Bwana Soksi alisikiliza akitazama pembeni. Wiki hiyohiyo chumba kikabomolewa, nyungo zikachomwa moto pamoja na chupa zetu za mbegu. Kwa nini chupa? Chupa zilimkosea nini? Nilimwona Singano amesimama karibu na moto ule, mikono nyuma, kama mtu aliye msibani.

Makopo yakaanza kuja tena kutoka ng'ambo. Yona alifungua la kwanza, akapiga chafya, akatuita. "Njooni mnuse." Tukanusa. Zamani, kabla ya vita, tulikuwa tukiumimina unga ule bila kujua ni nini. Safari hii tulijua. Ilikuwa pumba na ukungu, imekaushwa na kusagwa, harufu yake ileile ya chumba chetu.

Singano alilibeba kopo mpaka ofisini, na mimi nyuma yake.

"Bwana, hii ni ileile yetu uliyoichoma."

Mnadhani aliona haya? Hata kidogo! Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa kama leo ni Jumatatu.

"Ndiyo, mimi najua. Lakini hii natoka kiwanda."

"Na sisi tulipo ni wapi, Bwana?"

"Rudi kazini."

Hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa hajui, ningemsamehe. Wengi hatujui mengi. Alijua. Alijua ni kitu kilekile, akaona kikitengenezwa na sisi ni uchafu, kikija kwenye kopo ni dawa. Na wapo leo, tena wa rangi yetu, wanaofikiri vilevile, wakiwa na tai shingoni.

Kisha ikaja masika mbaya. Mlima ulishuka kwenye barabara ya Mombo, lori halipandi wala halishuki, na makopo yakaisha huku matangi ya chokaa yamejaa ngozi. Ngozi haisubiri barabara. Ikipita siku zake kwenye chokaa inaliwa. Singano alikwenda kwa Bwana Soksi, akamwomba nyungo na pumba. Alisema atatembea kwa miguu yake mwenyewe kuvuka hadi Amani kumtafuta yule mtaalamu ampe mbegu nyingine, na tukizipoza ngozi kwenye maji ya kijito yanayotiririka, nyingi zitaokoka.

"Mimi hapana ajiri wewe kufuga uchafu," akajibiwa.

Kesho yake asubuhi ndoo ikarudi. Ileile ya mbwa wa walowezi. Ikawekwa palepale kando ya shimo, na Bwana Soksi akasimama hatua kadhaa nyuma kulinda soksi zake.

"Singano. Ndoo au geti."

Singano alikuwa na watoto nyumbani na mvi zilishamtoka kichwani. Alitazama shimo, akatazama ngozi zilizopangwa kando, zimenyolewa vizuri, kazi ya mikono yetu. Akafungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya ukuta. Akachukua kopo lake juu ya boriti, akatoka. Hivyo ndivyo alivyomwaga unga mtu aliyelifundisha shimo lile kila linachokijua.

Bwana Soksi akanigeukia mimi. Nikamwambia hapana, kwa sababu ileile. Hakushangaa. Akamgeukia Yona akitabasamu.

"Wewe Mkristo. Wewe iko na mbwa nyumbani."

"Ninaye, Bwana," Yona akasema. "Anafukuza nyani kwenye mahindi yangu, na mavi yake nayazoa mwenyewe. Lakini kazi hii ni ya Singano. Mrudishe Singano na nyungo zake, nami nitakoroga chochote utakacho."

"Hapana."

"Basi na mimi hapana."

Yona naye akaivua aproni. Wale wa kwenye magome walipoona, wakaacha magome. Tukapanda wote mpaka barabarani juu ya kiwanda, tukamkuta Singano ameketi ukingoni, hajaondoka, anatazama chini.

Kule chini Bwana Soksi alizunguka shimo mara mbili. Ngozi zilikuwa zimeshatoka kwenye chokaa, na zikikaa hivyo kutwa ni za kutupa. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaimimina ile ndoo. Kisha akashika mti wa kukorogea na kuanza kukoroga, uso ameugeuzia kando, anatapika, anarudi, anakoroga. Soksi zile! Tulicheka, jamani. Yona alijibwaga kwenye nyasi. Mtu mmoja alipiga vigelegele kama mwanamke wa harusi. Tangu niajiriwe sikuwa nimecheka namna ile.

Tulipotulia tukaona Singano hacheki. Alikuwa ameinama mbele, mkono wake wa kulia unazunguka polepole hewani, unasimama, unageukia upande wa pili.

"Anazungusha upande mmoja tu," akasema. "Za chini zitaliwa na dawa."

Akaendelea kutazama. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, mtu mzima mbele ya vijana. Ngozi hazikuwa zake. Kiwanda kilikuwa kimemfukuza asubuhi hiyo. Na bado alikuwa akizilinda kwa mkono mtupu kutoka barabarani.

"Mwambieni ageuze," akasema. "Mmoja wenu amwambie ageuze."

Hakuna aliyeshuka.